Kontena si mashine pepe ndogo: jibu kwa msomaji aliyefuta kontena na kukuta hifadhidata tupu

Msomaji anauliza: "Nina programu ya wavuti niliyoiandika kwa Python na Django, inatumia hifadhidata ya PostgreSQL. Kwenye laptopu yangu inafanya kazi vizuri, lakini kwenye seva ilikuwa inagoma kila mara kwa sababu ya tofauti za matoleo ya Python na maktaba zake. Wenzangu wakanishauri nihamie kwenye makontena. Nimehamia, na sasa nina matatizo mapya. Imeji yangu imepita giga moja na nusu. Nikibadilisha mstari mmoja tu wa msimbo, nasubiri kila kitu kijengwe upya. Na juzi nilipofuta kontena la hifadhidata ili niliwashe upya, data zote zikatoweka. Je, kontena si mashine pepe ndogo? Nakosea wapi? Na ni kweli kwamba lazima nijifunze Kubernetes?"

Ndugu msomaji, nianze na data zako, kwa sababu hayo mengine yanaweza kusubiri. Huenda hazijapotea. Kwa sasa usiguse amri yoyote ya kusafisha, hasa `docker volume prune`, kwani hiyo ndiyo inayoweza kugeuza hofu yako kuwa hasara ya kweli.

Imeji rasmi ya PostgreSQL, yaani kifurushi ambacho kontena la hifadhidata linawashwa kutoka kwake, imetamka ndani yake kwamba folda ya data ni voliyumu, yaani hifadhi inayokaa nje ya kontena. Hata kama hukuiomba, Docker, zana inayojenga imeji na kuwasha makontena yako, ilipowasha kontena lako la kwanza iliunda voliyumu isiyo na jina, na data zikaandikwa humo. Ulipolifuta kontena kwa `docker rm`, voliyumu ilibaki kwenye diski. Ukawasha kontena jipya, na kwa kuwa hukuitaja voliyumu ya zamani, Docker ikaunda nyingine tupu. Ukaingia, ukakuta hakuna kitu. Data zinakuwa zimefutika kweli ikiwa kontena la kwanza uliliwasha kwa `--rm`, au ulilifuta ukiongeza `-v`, au ulizima kila kitu kwa `docker compose down -v`.

Andika `docker volume ls`. Utaona baadhi zina majina marefu ya herufi na tarakimu 64. Hizo ndizo zilizoundwa bila kupewa jina. Ukiiuliza kila moja kwa `docker volume inspect`, itakuonyesha tarehe iliyoundwa. Ukishaipata ile ya siku uliyoanza, washa kontena la muda juu yake, kisha toa nakala:

```
docker run -d --name okoa \
  -v JINA_LA_VOLIYUMU:/var/lib/postgresql/data postgres:16
docker exec okoa pg_dump -U postgres hifadhidata_yangu > nakala.sql
```

Hapo kwenye 16 weka toleo kuu lilelile ulilokuwa unatumia mwanzo, kwa sababu PostgreSQL 17 haifungui folda iliyoandikwa na 16. Njia ya folda niliyoiandika ni ya matoleo hadi 17. Kuanzia toleo la 18 imeji rasmi inataka voliyumu ipachikwe kwenye `/var/lib/postgresql`. Kama mwanzoni ulichagua jina jingine la mtumiaji, liweke badala ya `postgres`. Faili ya `nakala.sql` ikishapatikana, ifungue uone kweli ina majedwali yako na safu zake, kisha inakili kwenye mashine nyingine kabla ya kuendelea.

Sasa swali lenyewe. Hapana, kontena si mashine pepe ndogo, na matatizo yako yote matatu yanatoka hapo. Mashine pepe inaigiza kompyuta nzima. Ina kerneli yake, yaani kiini cha mfumo endeshi, inawaka hatua kwa hatua kama kompyuta, na ina mfumo endeshi wake ambao unaingia ndani na kuutunza kwa miezi au miaka. Kontena ni mchakato wa kawaida wa Linux, kama michakato mingine iliyopo kwenye seva yako, isipokuwa kerneli imeuwekea mipaka ya kile unachokiona na kile unachoweza kutumia. Unaweza kujionea mwenyewe. Ingia kwenye seva yenyewe, siyo ndani ya kontena, uandike `ps aux | grep gunicorn` (gunicorn ni seva inayoendesha programu yako ya Django). Programu yako itajitokeza kwenye orodha ileile ya michakato ya seva, ikiwa na nambari kama 48213 hivi. Kisha uliza kutoka ndani ya kontena: `docker exec JINA cat /proc/1/cmdline`. Ni gunicorn ileile, lakini humo ndani inajiona kuwa mchakato nambari 1, wa kwanza kabisa, kana kwamba hakuna kingine duniani.

Mipaka ya kuona inawekwa na kitu kinachoitwa nemspesi. Kila kontena linapewa mwonekano wake wa faili, wa mtandao na wa orodha ya michakato. Mipaka ya kutumia, yaani kiasi cha kumbukumbu na kichakataji, inasimamiwa na `cgroups`, kazi iliyoanzishwa na wahandisi wa Google mwaka 2006 na kuingia kwenye kerneli ya Linux mwaka 2008. Wazo lenyewe ni kongwe zaidi: tangu mwaka 1979 Unix ilikuwa na `chroot`, amri ya kuufanya mchakato uone folda moja kana kwamba ndiyo diski nzima, na mfumo endeshi wa FreeBSD ulileta jela zake mwaka 2000. Kwa hiyo Solomon Hykes, mwanzilishi wa Docker, alipoionyesha hadharani Machi 2013, uzio ulikuwa umeshajengwa. Alichokuja nacho ni njia nyepesi ya kufunga programu pamoja na kila faili inayoihitaji, kuipa jina, na kuipeleka kwenye mashine nyingine kwa amri moja. Hiyo ndiyo imeji, na ndiyo dawa ya tatizo lako la kwanza la matoleo ya Python yasiyolingana. Toleo la Python halitoki tena kwenye seva, linasafiri na programu.

Imeji ndiyo ya kutunza. Kontena ni la kutupa. Nakusihi ulishike hili kuliko amri yoyote nitakayokuandikia. Kontena lolote ulilonalo unatakiwa uweze kulifuta sasa hivi na kuwasha jingine kutoka kwenye imeji ileile bila kupoteza kitu. Ukiona huwezi, kuna kitu umekihifadhi mahali pasipo pake. Data za hifadhidata zinakaa kwenye voliyumu yenye jina ulilolichagua wewe. Picha na nyaraka ambazo watumiaji wanapakia, zile Django inazoweka kwenye `MEDIA_ROOT`, nazo zinataka voliyumu. Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa sababu wanakumbuka hifadhidata na kusahau picha. Manenosiri na anwani vinapitishwa kama vigezo vya mazingira wakati wa kuwasha. Na kifurushi chochote unachotaka kuongeza kinaandikwa kwenye Dockerfile, yaani faili ya maelekezo ya kujenga imeji, kisha imeji inajengwa upya. Ukiingia kwa `docker exec` na kuandika `apt install`, kifurushi kitakuwepo mpaka kontena litakapobadilishwa, na siku hiyo programu itavunjika bila mtu kujua kwa nini.

Tuje kwenye ujenzi unaokuchosha. Imeji imepangwa kwa matabaka. Kila amri ya `COPY` au `RUN` kwenye Dockerfile inaweka tabaka jipya juu ya lililotangulia, na Docker inayatunza yote kwenye kache. Ukijenga tena, inapita amri moja baada ya nyingine ikiuliza: je, kuna kilichobadilika hapa? Kwa `COPY` inalinganisha maudhui ya faili zenyewe. Ikikuta mabadiliko, tabaka hilo linajengwa upya pamoja na yote yaliyo chini yake kwenye faili, hata kama hayo mengine hayakuguswa. Sijaiona Dockerfile yako, lakini dalili ulizoeleza ni za mtu aliyeandika `COPY . .` juu na `pip install` chini. Ukibadilisha mstari mmoja wa msimbo, tabaka la `COPY` linabadilika, na pip, kisakinishi cha maktaba za Python, inalazimika kupakua maktaba zote upya. Geuza mpangilio:

```
FROM python:3.12-slim
WORKDIR /app
COPY requirements.txt .
RUN pip install --no-cache-dir -r requirements.txt
COPY . .
RUN useradd --system mtumishi
USER mtumishi
CMD ["gunicorn", "--bind", "0.0.0.0:8000", "mradi.wsgi"]
```

Sasa pip inaendeshwa tu pale `requirements.txt` inapobadilika, jambo ambalo halitokei kila siku. Mabadiliko ya msimbo yanaanzia kwenye `COPY . .` ya chini, na ujenzi unaisha ndani ya sekunde chache. Hakikisha pia matoleo kwenye `requirements.txt` yameandikwa kamili, `==` na nambari yake, la sivyo imeji utakayoijenga mwezi ujao itakuwa na maktaba tofauti na ya leo, na utarudi kwenye tatizo lililokukimbiza kwenye seva tangu mwanzo.

Kuhusu ukubwa, endesha `docker history` ukitaja jina la imeji yako. Itakupangia kila tabaka na uzito wake, na mwizi wa nafasi atajulikana mara moja. Kwa kawaida nakuta mmoja kati ya watatu. Wa kwanza ni imeji ya msingi: `python:3.12` bila nyongeza inakaribia giga moja, kwa kuwa imebeba vikusanyaji (programu kama `gcc` zinazogeuza msimbo chanzo kuwa wa mashine) na zana nyingi za ujenzi, ilhali ile ya `slim` ni mega mia moja na kitu. Wa pili ni `COPY . .` iliyobeba vitu visivyohusika, kama historia nzima ya `.git`, folda ya `.venv`, na faili za majaribio. Tengeneza faili ya `.dockerignore` uvitaje humo, na `.env` iwe ya kwanza kwenye orodha.

Wa tatu ni mjanja zaidi. Labda unatumia `psycopg2`, maktaba ya kuzungumza na PostgreSQL, ambayo ikijengwa kutoka chanzo inahitaji `gcc` na `libpq-dev`. Unavisakinisha, pip inamaliza kazi yake, kisha kwenye `RUN` inayofuata unavifuta ukitarajia imeji ipungue. Haipungui hata kidogo. Tabaka la chini halifutiki na la juu. La juu linaandika tu alama kwamba faili hizo zisionekane. Uzito unabaki palepale na unasafiri kila mara imeji inapopakuliwa. Dawa ipo tangu mwaka 2017, na ni kujenga kwa hatua mbili ndani ya Dockerfile moja. Hatua ya kwanza ina vikusanyaji vyote na inatengeneza vifurushi vilivyokwisha kujengwa. Hatua ya pili inaanza upya kutoka `slim`, inachukua vifurushi hivyo kwa `COPY --from`, na kuongeza `libpq5` pekee, maktaba ndogo inayohitajika wakati programu inaendeshwa. Kila kilichobaki kwenye hatua ya kwanza hakiingii kwenye imeji ya mwisho.

Utasikia watu wakikushauri Alpine kwa sababu imeji yake ya msingi ni kama mega tano tu. Kwa Python sikushauri uanze nayo. Alpine inatumia maktaba ya C iitwayo musl badala ya glibc, na vifurushi vingine vya Python vilivyojengwa tayari ni vya glibc peke yake. Pip ikikosa kilicho tayari inaanza kujenga kutoka chanzo, na hapo muda ulioufukuza unarudi. Mega mia moja zaidi kwenye diski ni gharama ndogo kuliko siku nzima ya kufuatilia hitilafu isiyotokea kwenye laptopu yako.

Habari ya matabaka ina upande mwingine ambao ni wa hatari. Kama uliwahi kunakili faili ya `.env` au ufunguo wa siri ndani ya imeji, kisha ukaufuta kwa amri iliyofuata, ufunguo huo bado umo. Yeyote anayeweza kupakua imeji anaweza kufungua tabaka lile na kuusoma. Ikiwa imeshatumwa kwenye rejista, yaani ghala la mtandaoni la imeji, usihangaike kuifuta tu. Badilisha nenosiri au ufunguo wenyewe leo, kisha ujenge imeji safi.

Sasa upelekaji kwenye seva. Naona watu wengi wakiingia kwenye seva, wanavuta msimbo kwa `git pull`, na kujenga imeji palepale. Inafanya kazi, lakini inaondoa faida kubwa kuliko zote. Jenga imeji mara moja, ifanyie majaribio, itume kwenye rejista, na seva ipakue hiyohiyo iliyopita majaribio. Ipe tagi, yaani lebo ya toleo, inayotokana na toleo au na kitambulisho cha `git`, kwa mfano `programu:3f9c2a1`. Usitegemee tagi ya `latest`. Hiyo haina maana ya "mpya kuliko zote", ni jina la kawaida ambalo Docker inaliweka usipotaja lingine, na mtu yeyote anaweza kulihamishia imeji nyingine. Ukitaka uhakika kamili, kila imeji ina alama yake ya `sha256` inayokokotolewa kutokana na maudhui. Badiliko lolote, hata dogo namna gani, linaibadilisha. Ukiandika alama hiyo kwenye mipangilio ya seva, hakuna kitu kingine kitakachopakuliwa kwa jina lake.

Tagi za namna hiyo zinakupa pia njia ya kurudi nyuma. Toleo jipya likiharibika usiku, unataja tagi ya jana na kuwasha upya. Lakini angalia: imeji inarudi, majedwali ya hifadhidata hayarudi. Kama toleo jipya liliendesha `migrate`, amri ya Django ya kubadilisha majedwali, na kufuta safuwima, msimbo wa jana utaitafuta na kuikosa. Ndiyo maana mimi hupendelea mabadiliko ya majedwali yaende kwa awamu: kwanza ongeza safuwima mpya, peleka msimbo unaoitumia, na ile ya zamani iondoe katika toleo la baadaye, ukishajua hurudi nyuma. Na `migrate` yenyewe iendeshe kama hatua ya peke yake kabla ya kuwasha toleo jipya, usiifungie ndani ya `CMD`. Siku utakapowasha makontena matatu kwa pamoja, hutaki yote matatu yakimbilie kubadilisha majedwali kwa wakati mmoja.

Iwapo laptopu yako ina kichakataji cha aina ya ARM, kama Mac za miaka ya karibuni, na seva yako ni ya Intel au AMD, imeji itakataa kuwaka na kutoa ujumbe `exec format error`. Kumbuka kontena halina kerneli wala kichakataji chake. Jenga ukitaja `--platform linux/amd64`, au uache ujenzi ufanywe na mashine inayofanana na seva.

Kwenye seva yenyewe kuna mambo ambayo hayasumbui siku ya kwanza bali baadaye. Ukiwasha kontena kwa `-p 5432:5432`, Docker inafungua poti hiyo kwa anwani zote za mashine, na inaandika kanuni zake moja kwa moja kwenye `iptables`, kichujio cha mtandao cha Linux. Fayawoli yako ya `ufw` inaweza kuwa inasema poti 5432 imefungwa huku hifadhidata yako inaonekana kwenye intaneti nzima. Lipime hili leo kutoka mashine ya nje, usiamini maneno ya `ufw`. Hifadhidata haihitaji kutangazwa kabisa. Makontena yaliyo kwenye mtandao mmoja wa Compose (zana ya Docker ya kuwasha huduma kadhaa kwa faili moja) yanaonana kwa majina ya huduma zao, hivyo Django inaipata kwa jina la `db` au lolote uliloliandika. Kama wewe mwenyewe unahitaji kuingia kutoka kwenye seva, andika `127.0.0.1:5432:5432`. Kinyume chake, ndani ya kontena gunicorn lazima isikilize `0.0.0.0`, kama nilivyoandika kwenye Dockerfile. Ikisikiliza `127.0.0.1` itakuwa inazungumza na kontena lake peke yake, kwa kuwa kila kontena lina mtandao wake.

Diski nayo hujaa kimyakimya. Docker isiporekebishwa huandika logi za kila kontena kwenye faili ya JSON isiyo na kikomo. Weka `max-size` na `max-file` kwenye mipangilio ya logi kabla seva haijasimama kwa kukosa nafasi.

Kontena likizimika lenyewe na kuacha nambari 137, soma hivi: 128 kuongeza 9, na 9 ni ishara ya `SIGKILL`. Mara nyingi maana yake ni kwamba kumbukumbu imezidi kikomo na kerneli imeua mchakato. Amri ya `docker inspect` itakuthibitishia ukitafuta `OOMKilled`. Lakini nambari hiyohiyo inatokea pia unapozima kwa `docker stop` na programu haikuitikia. Docker hutuma kwanza `SIGTERM`, yaani ombi la kuzima kwa utaratibu, inasubiri sekunde 10, kisha inaua. Mchakato nambari 1 una kanuni ya pekee kwenye Linux: usipokuwa umejiandaa kupokea `SIGTERM`, ishara hiyo haiufanyi chochote. Gunicorn imejiandaa, ila ukiandika `CMD` bila mabano ya mraba, Docker inaipitisha kwanza kwenye sheli, na sheli inaweza kushika nambari 1 bila kuipitishia gunicorn ishara. Ukiona kila uzimaji unachukua sekunde 10 kamili, anza kuchunguza hapo. Maombi ya watumiaji yaliyokuwa katikati yanakatwa kwa namna hiyo.

Usalama unataka maneno machache ya wazi. Makontena yote yanatumia kerneli moja, ile ya seva. Ukuta kati yao ni mzuri lakini ni mwembamba kuliko wa mashine pepe. Mwaka 2019 liligunduliwa tundu kwenye `runc`, zana ambayo Docker na nyingine nyingi huitumia kuwasha makontena, lililomwezesha mtu mwenye mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu, ndani ya kontena kuandika juu ya `runc` yenyewe na hivyo kuitawala seva. Ndiyo sababu Dockerfile yangu ina `USER`: programu ya wavuti haina haja ya kuwa root. Ukiweka mstari huo, mpe mtumiaji huyo umiliki wa folda ya picha, vinginevyo upakiaji utakataliwa. Na ujue kwamba kumuingiza mtu kwenye kundi la `docker` kwenye seva ni sawasawa na kumpa root, kwa sababu anaweza kuwasha kontena lililopachikiwa diski nzima. Mwisho, imeji haijisasishi. Matundu yanayozibwa kwenye Debian au Python hayakufikii mpaka ujenge upya kwa `--pull`, kwa hiyo ujenzi huo upangie ratiba hata kama msimbo wako haujabadilika.

Kubernetes? Kwa sasa hapana, na usimruhusu mtu akutie haya kwa hilo. Una programu moja, hifadhidata moja, na seva moja. Faili ya Compose inayotaja huduma zako, voliyumu zenye majina, vikomo vya kumbukumbu na `restart: unless-stopped` inakutosha, na inasomeka yote kwa dakika moja. Kubernetes, ambayo Google iliitangaza mwaka 2014, imejengwa kwa tatizo jingine: makontena mengi kwenye mashine nyingi, pale ambapo mashine moja ikifa ni lazima kazi zake zihamie kwingine bila mtu kuamshwa. Ina gharama yake ya kujifunza na ya kuitunza, na gharama hiyo inalipwa hata siku ambazo huhitaji uwezo wake. Itafikirie pale seva moja itakaposhindwa kubeba kazi, au pale kusimama kwa dakika chache kutakapokuwa na madhara kwa watumiaji wako. Na hata kabla ya hapo, hatua ya busara zaidi huwa ni kuitoa hifadhidata kwenye seva ya programu na kuipa mashine yake yenye utaratibu wa nakala.

Kazi unayoifanya sasa haitapotea siku hiyo ikifika. Tangu mwaka 2017 kuna kiwango cha pamoja cha imeji, cha OCI (Open Container Initiative), kinachofuatwa na Docker, Podman na zana nyingine za makontena. Kubernetes yenyewe iliondoa msimbo wa kuitumia Docker moja kwa moja katika toleo la 1.24 la mwaka 2022, na imeji zilizojengwa kwa Docker zinaendelea kuwaka humo bila kubadilishwa chochote.